Kwa nini filamu za zamani za Kihindi huimba kilio, na za Kibengali hukinyamazisha?

Msafiri wa Usiku ameuliza:

Ndugu zangu, heshima kwenu nyote. Nimetazama filamu za zamani za Kihindi kwa miaka mingi, hasa zile za miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na sitaficha kwamba nilizizoea tangu utotoni kiasi cha kuamini kuwa hivyo ndivyo masimulizi ya India yanavyopaswa kuwa: mama anayeteseka, mkopeshaji mwenye daftari la madeni, mwana anayepotea na kurudi akiwa mtu mwingine, na katikati ya yote hayo wimbo mrefu unaoisimamisha hadithi mpaka uishe. Mwezi uliopita, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nilitazama filamu ya Kibengali. Ilikuwa *Pather Panchali* ya Satyajit Ray, iliyotoka mwaka 1955, na tangu siku hiyo sijatulia.

Kuna tukio moja linalonirudia. Durga amekwisha kufariki kwa homa baada ya kunyeshewa na mvua, na wazazi wake wanafungasha vilivyosalia ili waihame nyumba yao ya kijijini. Mdogo wake, Apu, ananyoosha mkono kwenye rafu, anashusha kifuu cha nazi, na ndani yake anaukuta mkufu wa shanga ambao dada yake alituhumiwa kuuiba, akakana, akapigwa na mama yake kwa ajili yake. Mtoto hasemi neno. Anatoka mbio, anautupa bwawani, na magugu yaliyotanda juu ya maji yanaachana, kisha yanarudi kujifunga polepole hadi pale mkufu ulipozama pasijulikane tena. Nilisubiri wimbo. Haukuja. Nilisubiri Apu alie, naye hakulia.

Sasa naomba kuelimishwa. Je, hii ndiyo tofauti kati ya Bombay, zinakotengenezwa filamu za Kihindi, na Calcutta, zinakotengenezwa za Kibengali, kwamba wale huimba msiba na hawa huunyamazia? Kama ndivyo, imetokana na nini, ilhali nchi ni moja na miaka ni ileile? Niungame na jambo lingine, ingawa najua litawaudhi baadhi yenu. Nakala nyingi nilizonazo hutafsiri mazungumzo peke yake, na nyimbo zikianza maandishi ya tafsiri hutoweka, kwa hiyo nimejenga mazoea ya kuzirusha nyimbo ili nirudi kwenye hadithi. Baada ya *Pather Panchali* nimeanza kujiuliza kama kweli nimewahi kuzitazama hizo filamu za Kihindi ninazodai kuzijua.

---

Mzee wa Safu ya Nyuma amejibu:

Mwanangu, swali lako ni zuri, lakini mizani uliyoitumia imelalia upande mmoja. Umechukua filamu moja ya mwongozaji mmoja wa Calcutta, aliye wa pekee hata miongoni mwa wenzake, ukaipima na wastani wa mamia ya filamu za Bombay. Ungeanza na filamu za waigizaji Uttam Kumar na Suchitra Sen, ambazo ndizo zilizojaza kumbi za Calcutta katika miaka hiyohiyo, kama vile *Agni Pariksha* ya mwaka 1954 au *Saptapadi* ya mwaka 1961, ungekuta mapenzi, machozi na nyimbo za kutosha kabisa. Mtazamaji wa kawaida wa Kibengali hakuwa anakwenda sinema ili akanyamaziwe.

Jambo la pili ni kwamba hiyo miji miwili haikuwa kambi mbili zilizotengana. Kabla ya Bombay kushika hatamu, studio ya New Theatres ya Calcutta ilikuwa ikitengeneza filamu kwa lugha zote mbili, hadithi moja ikipigwa picha kwa Kibengali na kisha kwa Kihindi. *Devdas*, kutoka katika riwaya ya Saratchandra Chattopadhyay, ilitengenezwa hapo kwa Kibengali mwaka 1935, kisha kwa Kihindi, safari hiyo mwimbaji na mwigizaji K. L. Saigal akiwa ndiye Devdas. Aliyekuwa nyuma ya kamera aliitwa Bimal Roy. Miaka ya 1940 ilipofika mwisho, studio ilikuwa imedhoofika, na mgawanyo wa nchi wa mwaka 1947 ukaikata Bengali vipande viwili, upande wa mashariki ukawa Pakistan, na pamoja nao likapotea soko kubwa la filamu za Kibengali. Bimal Roy akahamia Bombay, akifuatana na kundi la watu wa Calcutta, na miongoni mwao alikuwamo mhariri kijana, Hrishikesh Mukherjee, ambaye baadaye angekuja kuongoza *Anand*, ya mwaka 1971. Kwa hiyo zile filamu za Kihindi ulizokulia, baadhi ya zilizo bora kabisa zilitengenezwa na Wabengali waliohama na mzigo wao wa riwaya.

Tazama pia jinsi mbegu ilivyokuwa moja. Ray alikuwa mchoraji katika kampuni ya matangazo ya biashara. Mwaka 1950 alipelekwa London kikazi, akaiona huko filamu ya Kiitaliano ya Vittorio De Sica kuhusu mtu aliyeibiwa baiskeli, akarudi nyumbani akiwa amekwisha kuamua kwamba naye atapiga picha nje ya studio, kwa kutumia nyuso zisizojulikana. Bimal Roy aliiona filamu hiyohiyo kwenye tamasha la kwanza la filamu la kimataifa la India, mwaka 1952, na mwaka uliofuata akatoa *Do Bigha Zamin*, yaani bigha mbili za ardhi, bigha ikiwa kipimo cha shamba. Balraj Sahni anaigiza mkulima Shambhu, anayeamini kwamba anadaiwa rupia 65, lakini karani wa kabaila ameyachezea mahesabu hadi yakafika 235. Mahakama inampa miezi mitatu, naye anakwenda Calcutta kuvuta riksho. Mwishoni, shamba limekwisha kuuzwa na kiwanda kinajengwa juu yake. Shambhu anapitisha mkono kwenye uzio, anachota gao la udongo, na mlinzi anamfokea akidhani ni mwizi, mpaka anaumwaga. Mke na mtoto wamesimama pembeni. Hakuna anayeimba wakati huo. Filamu hiyo ina nyimbo, tena nzuri, na muziki wake na hata hadithi yenyewe ni vya Salil Chowdhury, Mbengali mwingine, lakini mwisho wake hauna tofauti kubwa na lile bwawa lako.

Ama sababu ya nyimbo nyingi, usiitafute katika tabia za watu, itafute sokoni. Filamu ya Kihindi ilipaswa kuuzwa Punjab, Bihar, Hyderabad na hata Madras, kwa watu wengi ambao Kihindi si lugha ya mama zao, na wimbo huvuka mpaka wa lugha kwa urahisi kuliko mazungumzo. Filamu ya Kibengali ilikuwa na watazamaji wachache zaidi ambao walielewana kwa nusu neno. Ray mwenyewe aliishiwa fedha akiwa njiani, akauza vitabu na sahani zake za santuri, vito vya mkewe vikawekwa rehani, mpaka serikali ya West Bengal ikaingilia kati. Inasimuliwa kwamba, kwa kuwa jina la filamu lina neno njia ndani yake, fedha zile ziliandikwa kwenye fungu la uboreshaji wa barabara. Nimekuwa nikicheka kila nikilikumbuka jambo hilo.

---

Binti wa Gramafoni amejibu:

Ndugu Msafiri, mimi sikuudhiki, nakuhurumia tu. Kurusha nyimbo katika filamu ya Guru Dutt, mwongozaji wa Bombay, ni sawa na kurarua kurasa za riwaya kwa sababu zimeandikwa kwa mwandiko mwingine.

Nitakupa mfano mmoja, nao ukikutosha sitahitaji kuongeza. *Pyaasa* ya mwaka 1957 inatendeka Calcutta, na Guru Dutt, ambaye si Mbengali, alikulia humo kwa sehemu na aliwahi kufanya kazi ya kupokea simu katika mji huo. Vijay ni mshairi ambaye hakuna mchapishaji anayemtaka. Gulabo, aliyeigizwa na Waheeda Rehman, ni kahaba ambaye ameyapata mashairi yake na kuyapenda kabla ya kumpenda mwandishi. Usiku mmoja Vijay anapanda ngazi kwenda kwenye paa la nyumba, naye Gulabo anamfuata kwa mbali. Chini, mtaani, mwimbaji wa nyimbo za ibada za Kibengali anaimba wimbo wa mwanamke anayemsihi mpenzi wake, yaani Krishna, amkumbatie ili maisha yake yapate kutimia. Sauti ni ya Geeta Dutt, muziki ni wa S. D. Burman, maneno ni ya Sahir Ludhianvi. Gulabo anakanyaga ngazi moja baada ya nyingine, anafika juu, anasogea nyuma ya mgongo wa Vijay aliyeegemea ukingo, anakaribia kuinamisha kichwa chake begani kwake, kisha anashindwa na kurudi nyuma. Katika dakika zote hizo Gulabo hajafungua mdomo. Anayeimba si yeye, wala hamjui.

Sasa niambie, huo ni wimbo unaosimamisha hadithi? Ukiurusha, utamwona mwanamke amepanda ngazi na kushuka, na utashangaa baadaye anapata wapi ujasiri wa kuuza vito vyake ili mashairi ya mtu yule yachapishwe. Na ukiutazama bila tafsiri, utapata utamu wa sauti lakini utakosa jambo la msingi, kwamba maneno ya ibada ndiyo pekee yanayomruhusu kahaba kusema anachokitaka bila kudhihakiwa.

Tena rudi kwenye *Pather Panchali* yako. Baba yao, Harihar, anarudi baada ya miezi mingi bila kujua kwamba binti yake amefariki. Anatoa zawadi moja baada ya nyingine mbele ya mkewe, mpaka anafikia sari aliyomletea Durga. Sarbajaya anaishika, anaiuma, anaanguka akilia, lakini sauti tunayoisikia si ya Karuna Banerjee aliyeigiza. Ray aliiondoa sauti ya kilio na mahali pake akaweka tarshehnai, chombo cha nyuzi chenye mlio mkali kama wa zumari, ikipanda juu kabisa. Mdomo uko wazi, na kinacholia ni chombo. Mwenye muziki wa filamu hiyo alikuwa Ravi Shankar, ambaye, kwa kubanwa na ratiba zake, aliupiga sehemu kubwa katika kikao kimoja cha usiku kucha.

Kwa hiyo mimi sioni kwamba mmoja anaimba na mwingine ananyamaza. Naona waongozaji wawili, katika muda usiozidi miaka miwili, wote wakikataa kukiacha kilio kitoke mdomoni mwa anayeumia. Guru Dutt alimpa mpita njia akiimbe. Ray akazipa nyuzi. Hiyo ndiyo sababu vinabaki kifuani mwa mtazamaji, kwa sababu havikutolewa pale kwenye picha vikaisha.

---

Msafiri wa Usiku amejibu:

Dada, nimeinama. Jana usiku nimelitafuta tukio hilo la ngazi katika nakala yangu, na kama nilivyohofia, wimbo upo lakini maneno hayakutafsiriwa hata mstari mmoja. Nimeutazama hivyohivyo mara tatu. Mara ya tatu ndipo nilipogundua kwamba kila Gulabo anaposogea hatua moja, mwimbaji wa mtaani ndiye anayeonekana kumsukuma.

Ila nina ukaidi kidogo. Maelezo yenu yamenishawishi kwa Ray, Guru Dutt na Bimal Roy. Je, ni kanuni kwa wote? Hakuna aliyethubutu kumwacha mtu alie kwa sauti yake mwenyewe bila kuharibu filamu?

---

Mkaidi wa Daraja la Pili amejibu:

Yupo, na nimeshangaa kwamba tumefika hapa bila jina lake kutajwa. Mwongozaji Ritwik Ghatak alizaliwa mwaka 1925 Dhaka, upande ule wa mashariki uliokatwa, akaishia Calcutta, na hakuwahi kukubali kwamba ule mgawanyo wa Bengali ulikuwa jambo la kuzoeleka. Ray alipowapunguzia wahusika wake sauti, Ghatak aliwaongezea, na wapo wakosoaji waliomdharau kwa sababu hiyo, wakisema anatia chumvi. Mimi nasema hivi: mtu aliyepoteza nchi nzima hatii chumvi kwa kupiga kelele.

Itazame *Meghe Dhaka Tara* ya mwaka 1960, maana yake nyota iliyofunikwa na wingu. Familia ya wakimbizi kutoka upande wa mashariki inaishi pembezoni mwa Calcutta, na inayoilisha ni binti mmoja, Nita, aliyeigizwa na Supriya Choudhury. Mwanzoni kabisa, akirudi kutoka kazini, ukanda wa kandambili zake unakatika. Anasimama, anainama kuutazama, kisha anaendelea na safari. Mshahara wake unagawanywa kabla hajaketi. Kaka yake, Shankar, anayejifunza uimbaji, anaomba za kunyolea ndevu, mdogo wake wa kike anataka nguo, mdogo wa kiume anataka viatu vya mpira. Halafu anakuja Sanat, mchumba wake. Mama anaona hatari ambayo wengine hawaioni, kwamba Nita akiolewa chungu kitabaki tupu, na taratibu anaacha mdogo mtu amchukue yule mchumba. Hakuna mkopeshaji hapo wala kabaila. Mwovu ni njaa, na anayeitumikia ni mama mzazi, naye si mtu mbaya.

Sasa sikiliza sauti. Nita anapogundua kwamba Sanat ana mwanamke mwingine chumbani na anateremka ngazi za nyumba ile, tunasikia mjeledi. Hakuna mjeledi wowote kwenye picha. Unasikika tena baadaye usiku, pale yeye na Shankar wanapomaliza kuimba gizani wimbo wa Tagore, yule mshairi wa Kibengali. Baadaye kifua kikuu kinampata, anapelekwa hospitali ya milimani Shillong, na kaka yake, ambaye sasa ni mwimbaji anayejulikana, anakwenda kumwona na kumsimulia habari za nyumbani, jinsi mtoto wa ndugu yao anavyocheza. Nita anamkatiza kwa kupiga ukelele kwamba yeye alitaka kuishi. Kamera inageuka, milima inazunguka, na ukelele ule unaendelea juu ya vilima ambavyo yeye hayupo tena mbele yake. Hakuna tarshehnai ya kumsaidia wala mpita njia wa kumwimbia. Ni koo lake mwenyewe.

Na kwa wale wanaopenda kuweka Bombay huku na Calcutta kule, nawaachia fumbo. Hadithi ya *Madhumati*, filamu ya Bimal Roy ya mwaka 1958 yenye Dilip Kumar, Vyjayanthimala, mapenzi ya kuzaliwa upya na nyimbo zinazoimbwa hadi leo, iliandikwa na Ritwik Ghatak huyohuyo. Fedha za kazi za Bombay zilimsaidia kuishi. Filamu zake mwenyewe, nyingi, zilianguka sokoni. Alifariki mwaka 1976.

---

Mzee wa Safu ya Nyuma amejibu:

Mkaidi, hapo umenifunga mdomo, na ni mara chache. Naongeza moja tu. Miaka mitatu baada ya Nita, mwaka 1963, Ray alitoa *Mahanagar*, naye alikuwa na mwanamke wake anayeilisha familia Calcutta. Arati, aliyeigizwa na Madhabi Mukherjee, anaanza kuuza mashine za kufuma nyumba kwa nyumba, mumewe anapoteza kazi benki yake inapofilisika, na baba mkwe anasusa. Mazingira ni yaleyale, lakini Arati anaijua thamani ya saini yake na anaitumia: mwenzake wa kazini anapofukuzwa kwa dhuluma, anajiuzulu papo hapo, ilhali mshahara ni huo mmoja tu nyumbani. Anatetemeka baada ya kulifanya, si kabla. Ukizitazama hizo mbili kwa kufuatana, anza na ya Ghatak. Ukigeuza mpangilio, usiku wako utakuwa mrefu.

Ila kuhusu neno kwamba Ghatak peke yake ndiye aliyeacha koo lilie, sikubaliani nalo moja kwa moja. *Mother India* ya Mehboob Khan, ya mwaka 1957, nayo ina Nargis, mama anayeliita jina la mwanawe kabla ya kumfyatulia bunduki. Tofauti ni kwamba pale tayari tumekwisha kuandaliwa tuupokee mlio ule kama sheria, ilhali wa Nita haukuandaliwa na mtu.

---

Fundi wa Projekta amejibu:

Ndugu Msafiri, wenzangu wamekupa maana. Mimi nitakusaidia katika nakala, kwa sababu nusu ya malalamiko yako yanatokana na nakala mbovu.

Kwanza, usitosheke na nakala isiyotafsiri nyimbo. Waliozitengeneza walifuata dhana yako ileile ya zamani, kwamba wimbo ni mapumziko. Mimi niliwahi kununua seti nzima ya filamu za Kihindi za miaka ya 1950 kwa muuzaji mmoja, nikakuta si kwamba nyimbo hazikutafsiriwa tu, bali nyingine zilikuwa zimekatwa kabisa ili filamu mbili zienee kwenye diski moja. Katika mojawapo, mhusika alianza kupanda ngazi akiwa analia na sekunde iliyofuata alikuwa sokoni akinunua maua. Nilidhani ni ufundi wa uhariri wa kisasa.

Pili, tafuta filamu zilizokarabatiwa. Kwa zile tatu za Apu, yaani *Pather Panchali*, *Aparajito* na *Apur Sansar*, habari yake inastahili kusimuliwa. Negativu zake za asili, yaani mikanda iliyopita kwenye kamera yenyewe, zilikuwa London mwaka 1993 zilipounguzwa na moto uliozuka katika maabara ya filamu. Mabaki yake yalihifadhiwa Marekani kwa miaka, yakiwa yamejikunja na kugandamana, mpaka mafundi wa Bologna, Italia, walipoyalainisha na kuyaunga kwa mkono, kipande kwa kipande. Sehemu zilizokuwa zimeharibika kupita kiasi zikajazwa kutoka nakala nyingine. Kazi hiyo ilionyeshwa mwaka 2015. Ukiitazama *Aparajito* katika nakala hiyo, angalia mwanga wa ua wa nyumba ya Benares. Ua ule ulijengwa studioni. Mpiga picha Subrata Mitra alitanda kitambaa cheupe juu yake na kuzirudishia taa humo, ili mwanga ushuke mlegevu kama unavyoshuka kati ya kuta ndefu, na katika nakala chafu kazi hiyo yote huonekana kama ukungu tu.

Bombay nako walikuwa na wao. Katika *Kaagaz Ke Phool*, ya mwaka 1959, filamu ya kwanza ya India kupigwa kwa sinemaskopu, yaani kwa picha pana, mpiga picha V. K. Murthy alitumia vioo kuliingiza jua la nje ndani ya studio, likashuka kama nguzo moja kati ya watu wawili wasiogusana, huku wimbo wa Geeta Dutt ukisikika bila yeyote kati yao kufungua mdomo. Hili nalo lamuunga mkono Binti wa Gramafoni. Filamu ilianguka vibaya sana, na Guru Dutt hakuweka tena jina lake kama mwongozaji hadi alipofariki mwaka 1964 akiwa na miaka 39.

Kama unataka jaribio lililo wazi zaidi kwa swali lako, tafuta hadithi moja iliyotengenezwa mara mbili. *Kabuliwala* ya Tagore, ya mwaka 1892, ilifanywa kwa Kibengali na Tapan Sinha mwaka 1957, Chhabi Biswas akiwa Rahmat, muuza matunda makavu kutoka Kabul, na kwa Kihindi na Hemen Gupta mwaka 1961, Balraj Sahni akiwa ndiye, mtayarishaji akiwa Bimal Roy. Ya Kihindi ina ule wimbo wa kuikumbuka nchi alioutunga Salil Chowdhury, ambao Manna Dey ameuimba kwa sauti ya chini kana kwamba anahofia kuwaamsha waliolala. Ya Kibengali ina muziki wa Ravi Shankar na uso wa Chhabi Biswas.

---

Msafiri wa Usiku amejibu:

Nimezipata zote mbili, wakubwa zangu, na safari hii nyimbo zimetafsiriwa. Nimeanza na ya Kibengali. Nimefika pale Rahmat, akiwa ametoka gerezani, anapokuja nyumbani kwa Mini, yule msichana aliyekuwa rafiki yake mdogo, siku ya harusi ya Mini, asiruhusiwe kumwona, naye anatoa kifuani karatasi chakavu iliyokunjwa mara nyingi. Ndani yake hamna barua wala picha, kuna alama ya kiganja kidogo cha binti yake, iliyopigwa kwa masizi. Baba yake Mini anaitazama karatasi, kisha anamtazama aliyeishika.

Nimesimamisha hapo. Kesho nitaitazama ya Balraj Sahni hadi kwenye karatasi hiyohiyo, bila kurusha kitu, nione kama mkono wake utaikunjua kwa kasi ileile.